Stika za Sebastiani

Jua lilikuwa linazama pale Bashay nilipotoka jikoni na sufuria ya maji ya moto. Kesho fundi Ezekiel angekuja kupaka gari rangi, na alishasema hapulizii juu ya stika. Nizibandue mwenyewe.

Mistari miwili myekundu, mmoja kila ubavu. Aliibandika Sebastiani, kaka wa marehemu mume wangu Basili. Mwaka huohuo Basili akaanza kukohoa. Hakupona.

Na jioni hiyo Sebastiani alikuwa amesimama getini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Bernadina. Ukizitoa hizo, marehemu atalifuata gari lake. Afadhali unipe mimi."

"Gari ni langu. Hili ndilo linabeba vitunguu saumu, ndilo linasomesha watoto wake."

Akacheka kidogo, akaondoka. Kile kicheko kilinichoma kuliko maneno.

Nikamwagia maji mlango wa dereva, nikaingiza wembe, nikavuta.

Kwaruuu...

Stika ikatoka vipandevipande. Kwenye gundi kulikuwa na nywele. Fupi, zenye mvi. Nilizijua. Nimemnyoa Basili kwa mikono yangu miaka kumi na minane.

Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nikavuta hadi mwisho, nikaitupa chini pamoja na wembe, nikasimama kupumua.

Kwaruuu...

Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Sauti ilitoka upande wa abiria. Taratibu. Ikaja na harufu ya tumbaku, ile waliyovuta ndugu wote wawili.

"Sebastiani?" nikanong'ona.

Kikajibu kikohozi.

Kikohozi kilekile cha Basili.

Nikaokota wembe, nikazunguka. Hapakuwa na mtu. Stika ya pili ilikuwa imebanduliwa nzima, imeviringishwa vizuri na kuwekwa juu ya boneti. Hivyo ndivyo Basili alivyoviringisha kamba zake za mizigo, kila jioni, bila kukosa.

Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe.

Kiti kikabonyea.

Nililia, sikatai. Halafu nikaichukua ile stika, nikaingia upande wa usukani, nikafunga mlango kwa nguvu. Sikugeuza shingo.

"Kaa hapohapo," nikasema. "Usukani ni wangu, hata wewe sikuachii. Ila kaka yako alisema utalifuata gari. Haya, twende ukamsalimie."

Kando yangu mkanda ukavutika, polepole, ukajifunga.

Nikawasha gari.