Siku Boti Ziliposimamishwa Ihanga

IJUMAA, SAA KUMI JIONI. TUNDUMA.

Watson alifunga mlango wa stoo, akasukuma pembeni boksi la breki za lori, akatandaza karatasi mezani. Nje, malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yanapigiana honi.

Karatasi ilikuwa tangazo la serikali, lenye muhuri. Watson alilisoma taratibu.

"'Kwa usalama wa washindani na wananchi, vyombo vyote vya majini vyenye injini vitasimama katika mwalo wa Ihanga siku ya Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi mashindano ya mitumbwi yatakapomalizika. Injini zote zitafunguliwa na kuhifadhiwa katika ghala la mwalo.'" Akainua macho. "Mmesikia? Zote. Ghala moja. Kufuli moja."

"Ngapi?" Gibson aliuliza. Huyu alikuwa dereva wa Fuso, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi Mission, mpole wa sauti, na mwenye mguu mzito kwenye mafuta.

"Thelathini na moja," Amoni alijibu. "Mbili zinabaki kwenye boti za uokoaji."

Amoni alijua kwa sababu yeye ndiye angezifungua. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mzaliwa wa Ihanga, mwalo wa wavuvi kwenye Ziwa Rukwa. Mwaka uliopita boti moja ya injini ilikatiza katikati ya mashindano, na pangaboi yake ikamkata mpiga kasia mguu. Ndiyo maana safari hii waliamua boti zote zisimame. Kamati ya mwalo ilimpa Amoni kazi ya kuzifungua mashine, ikamshukuru kwa soda. Eneo la karakana aliloliomba miaka mitatu walikuwa wamempa mtu mwingine. Watson alikuwa amemwahidi karakana yake mwenyewe, hapa hapa Tunduma.

"Ghala liko nyuma ya miamba," Watson aliendelea. "Watu wote watakuwa ufukweni, nusu kilomita kutoka pale. Mlinzi mmoja, mzee. Jenista atampelekea chakula, mzee atafungua geti. Tunapakia, tunafunika kwa magunia ya dagaa, tunaondoka. Kesho usiku mzigo uko ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Lucky, mnunuzi wetu."

Jenista, aliyekaa juu ya tairi, alikuwa mwanamke wa Ikinga aliyekua akivusha bidhaa kwa mtumbwi kwenye mto Songwe. "Na polisi?" aliuliza.

"Ihanga hakuna mtandao wa simu. Kituo kiko ng'ambo ya ghuba. Kwa boti, dakika ishirini. Kwa barabara tunayopita sisi, saa nzima na nusu, na lazima tupite njia panda ya kituo hicho hicho. Boti ikivuka kabla yetu, wanatusubiri." Watson alimgeukia Amoni. "Kwa hiyo zile boti mbili zisivuke. Utatia maji kwenye matenki yake ya mafuta."

"Zile ni za kuokoa watu, bosi."

"Kuokoa nani? Mashindano yanaanza saa nne, saa tano yamekwisha. Wewe mwenyewe umesema ziwa asubuhi limelala."

Ni kweli alikuwa amesema. Amoni aliinamisha kichwa.

"Utatia au hutatia?"

"Nitatia."

JUMAMOSI, SAA TATU NA ROBO ASUBUHI. IHANGA.

Alifungua mashine moja baada ya nyingine, akazibeba begani hadi ghalani. Wavuvi walimtania. Mwanamke mmoja mwenye boti alimwambia, "Amoni, hiyo ndiyo ada ya watoto wangu, usiiangushe." Akacheka naye.

Kisha alikwenda kwenye boti za uokoaji, akajifanya anakagua. Chupa mbili za maji. Moja kila tenki. Alijua zingewaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mpira wa kutoka kwenye tenki, zingekwenda mita mia mbili tatu, halafu kimya.

Ziwa lilikuwa limetulia.

SAA NNE NA NUSU.

Mgeni rasmi wa kufungua mashindano hajafika.

SAA TANO NA DAKIKA ARUBAINI.

Hajafika. Kwaya ilikuwa imeimba nyimbo zake zote, ikaanza kuzirudia. Watson alikuwa kwenye Fuso nyuma ya miamba, jasho likimchuruzika.

"Tupakie sasa," Jenista alisema.

"Bado. Nusu ya wavuvi wanazurura huku. Mbio zikianza, kila mtu atageukia majini."

Amoni alikuja upande wa dirisha. "Bosi, saa nane upepo unashuka kutoka milimani. Kila siku. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi, yanapiga kama nyundo. Wakianza kuchelewa namna hii..."

"Umeajiriwa kupima upepo?"

"Zile boti zina maji."

"Najua zina maji. Nilikutuma mimi." Watson alifungua shati kidogo, chuma cha bastola kikaonekana kiunoni. "Kausha, mdogo wangu. Rudi kwa watu, tabasamu."

SAA SABA NA DAKIKA KUMI.

Mgeni rasmi alifika na vumbi la magari matatu. Hotuba aliifupisha, akasema usalama kwanza. Mitumbwi kumi na miwili ilipangwa majini, wapiga kasia sita kila mmoja.

Amoni aliwaangalia bila kuwaona, hadi alipofika mtumbwi wa nne. Mtu wa mbele alikuwa Rubeni, kaka yake.

Alikimbia hadi magotini majini. "Kaka! Si ulisema mgongo unauma?"

"Kijana wetu mmoja anaharisha, nimeziba pengo!" Rubeni alicheka. Ndiye aliyemlea Amoni tangu wazazi wao walipofariki, akamfundisha kufungua mashine kabla hajajua kusoma. "Mbona umekunja uso? Kaka yako bado ana nguvu!"

"Shuka, kaka. Upepo unakuja."

"Boti za uokoaji si hizo hapo?"

Amoni alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Angelitamka, pale pale wangemuuliza amejuaje.

Filimbi ililia. Makasia yakapiga maji.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO.

Mzee Yesaya, mlinzi wa ghala, alipokea sahani ya wali kutoka kwa Jenista, akamshukuru, akafungua geti atoke anawe mikono. Watson alikuwa nyuma yake. Hakumpiga. Alimwonyesha bastola, akamlaza kifudifudi, akamfunga mikono kwa kamba ya nyavu.

Mzee aligeuza shingo, akamwona Amoni mlangoni.

"Na wewe?"

Amoni alimpita akaingia ndani. Alishika mashine ya kwanza.

Walipakia haraka, mashine na matenki yake. Gibson juu ya lori, wengine chini. Kutoka ufukweni zilisikika shangwe, zikienda na kurudi. Mashine ya ishirini. Ya ishirini na sita. Kwenye ya thelathini, bati la ghala lilianza kugonga kwa upepo.

Amoni alisimama. Bati liligonga tena.

"Endelea!" Watson alifoka.

SAA NANE NA DAKIKA TANO.

Watson alitia kufuli lake kwenye geti. Mbele ya lori walikaa watatu: Gibson, Jenista na Watson. Amoni alipanda nyuma, juu ya magunia ya dagaa.

Barabara ya kutoka Ihanga inapanda kilima kando ya ghuba, na Fuso lilipanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Kadiri walivyopanda, ziwa lilizidi kufunguka chini yao. Halikuwa ziwa la asubuhi. Lilikuwa jeupe kwa mapovu.

Alihesabu mitumbwi. Kumi ilikuwa inasukumwa ufukweni. Mmoja ulikuwa umegeuka, vichwa vimeuzunguka. Na mwingine. Boti ya kwanza ya uokoaji ilitoka kwa kasi, pua juu. Ikaenda. Ikaenda. Ikanyamaza. Ya pili ikafika karibu yake, ikanyamaza pia. Upepo ukazigeuza ubavu, zikaanza kusukumwa kama vibuyu. Watu ufukweni walikuwa wanakimbilia ghalani, kila mmoja kwenda kuchukua mashine yake.

Amoni alipiga paa la kichwa cha gari kwa ngumi. "Simama! Gibson, simama! Watu wanakufa!"

Gibson alipunguza.

"Twende," Watson alisema.

"Bosi, kasema watu..."

"Twende!"

Amoni hakupiga tena. Alifunua magunia, akatafuta mashine ndogo kuliko zote, ya nguvu za farasi nane, akaifunga kamba, akaishusha nyuma ya lori hadi ikagusa vumbi. Akatupa tenki la mafuta lenye mpira wake. Akaruka.

Alikuwa amekwenda hatua hamsini, mashine begani, tenki mkononi, aliposikia breki.

"Amoni!" Watson alikuwa amesimama katikati ya barabara, bastola imenyooka. "Rudisha mzigo!"

Alizidi kukimbia. Risasi ya kwanza ilipiga jiwe. Ya pili hakuijua ilikokwenda. Ya tatu ilimpasua mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akapiga goti, akanyanyuka. Tenki halikumtoka.

Nyuma yake ulisikika mngurumo wa Fuso. Alidhani linageuzwa kumfuata. Lakini sauti ilikuwa inaondoka.

Ndani ya lori, Jenista alikuwa amemwekea Gibson mkono begani. "Kanyaga."

"Na Watson?"

"Leo kampiga Amoni risasi. Kesho Nakonde, tukigawana, atampiga nani? Kanyaga, Gibson."

Gibson alitazama kioo cha pembeni. Watson alikuwa anakimbia nyuma ya lori, anapunga mkono, anaita jina lake. Gibson akatia gia ya pili.

SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI NA MBILI.

Watu walikuwa wamevunja kufuli. Mzee Yesaya alikuwa amekaa chini, anafunguliwa kamba. Ghala lilikuwa tupu. Mwenye ile boti ya ada ya watoto alikuwa ameshika kichwa.

Amoni alitokea kwenye miamba, shati jekundu kwa damu, mashine begani.

"Ni huyu," Mzee Yesaya alisema. "Alikuwa nao."

Umati ulimgeukia. Mtu aliokota kasia. Mwingine jiwe. Amoni aliendelea kutembea kuelekea kwao, kwa sababu maji yalikuwa nyuma yao.

"Mtaniua baadaye," alisema. "Mashine hii hapa. Inafanya kazi. Mkono wangu mmoja haufanyi. Nani anakuja?"

Kasia lilikuwa bado juu. Mzee Yesaya alisimama, akasugua vifundo vya mikono.

"Wekeni chini hayo mawe," alisema. "Kwanza ziwani." Akaushika upande mmoja wa mashine.

Waliifunga kwenye boti ya kwanza waliyoikuta. Mzee alikaza skrubu, Amoni akavuta kamba kwa mkono mzima. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikakohoa, ikanguruma.

Safari ya kwanza walileta watano. Mawimbi yalijaza boti nusu, mzee akawa anakumba maji kwa sahani ya wali. Safari ya pili walikuta mtumbwi uliogeuka, watu watatu wameukumbatia. Kando yao kulikuwa na kamba ya nanga imezungushwa kwenye kifua cha kijana mmoja aliyezimia, na aliyeshika kamba hiyo kwa meno na mikono alikuwa Rubeni.

"Mchukueni huyu kwanza," Rubeni alisema.

Safari ya tatu walizunguka hadi mafuta yakakaribia kwisha. Hawakupata mtu.

Wapiga kasia wawili hawakurudi siku ile. Mmoja aliitwa Moses, mwingine Samwel. Walipatikana Jumatatu, kwenye matete, upande wa pili wa ghuba.

Watson alikamatwa kabla ya jua kuzama, akitembea peke yake barabarani, viatu mkononi. Fuso lilikutwa kesho yake Mlowo likiwa na mashine zote zilizobaki, na Gibson amekaa ndani anasubiri, mikono juu ya usukani. Alisema alizima gari mwenyewe. Jenista alikuwa ameshuka njiani, na hadi leo hakuna anayejua alikoelekea.

SAA KUMI NA ROBO.

Rubeni alikuwa amekaa mchangani, amefunikwa vitenge viwili, meno yanagongana. Amoni alikuwa amekaa karibu naye. Umati ulikuwa umesimama mbali kidogo, haukaribii, hauondoki. Boti ya uokoaji iliyorushwa ufukweni na mawimbi ilikuwa mbele yao. Mtu alikuwa amefungua tenki lake, akamimina mafuta mchangani ili wote waone.

"Maji," Rubeni alisema. "Wanasema yalikuwa maji." Akakohoa. "Moses alikuwa ananiita. Nilikuwa nimemshika kijana, sikuweza kumwacha. Niliona boti inakuja, nikamwambia Moses, vumilia, hao wanakuja. Halafu ikazima."

Amoni alitazama miguu yake.

"Wewe ni fundi, mdogo wangu. Niambie. Nani aliweka maji?"

Upepo ulikuwa umeanza kupungua. Askari wawili wa msafara wa mgeni rasmi, waliopanda kufuata milio ya risasi, walikuwa wanashuka kilimani kwa miguu, wakiulizia wezi.

"Mimi," Amoni alisema.

Rubeni hakusogea. Alimtazama mdogo wake, akatazama ule mkono uliokuwa bado unavuja damu. Kisha alivua kitenge kimoja begani, akakichana kwa meno, akaufunga ule mkono. Alizungusha mara nne, akakaza, akapiga fundo kama alivyomfundisha kufunga nyavu. Alipomaliza aliufuta mkono wake mwenyewe kwenye mchanga.

Halafu akasimama kwa shida, akawapungia askari.

"Afande," aliita. "Njooni. Huyu hapa."