Kidole Tumbo cha Meneja

Naapa kwa goti langu hili la kushoto linalotabiri mvua: haya ni kweli tupu, chumvi sijaongeza hata punje. Asiyeamini aje Manundu, mtaani kwetu hapa Korogwe, aulize.

Nilikuwa chali kitandani, shati limepandishwa mpaka shingoni.

Daktari mgeni akanibonyeza tumbo. Akatikisa kichwa. Kisha akatamka kama hakimu:

"Kidole tumbo. Huyu mzee akapasuliwe leo leo. Leteni gari!"

Wadau... mimi sikuwa mgonjwa!

Hata mafua sikuwa nayo!

Na nikisema siumwi, zahanati ya binti wa watu inafungwa. Nikinyamaza, nachanwa tumbo zima. Hebu niambieni, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Sadala. Mimi ni Mzigua wa Handeni, nimestaafu ukarani wa stoo kwenye mashamba ya mkonge, sasa naishi hapa Korogwe mjini. Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejisomea. Hata karatasi iliyofungiwa vitumbua naisoma pande zote mbili ndipo nile.

Jirani yangu Hosiana ni tabibu, binti wa Kisambaa, ana zahanati yake ndogo. Kutibu anajua. Anajua hasa! Biashara ndiyo hajui.

Nikamwambia, "Mwanangu, nipe umeneja. Handeni nimewahi kuendesha hospitali ya vitanda mia mbili."

"Hospitali gani hiyo, Mzee Sadala?"

"Ilishabomolewa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa.

Sasa sikilizeni siri ya biashara hii. Hapa kwetu mtu haangalii cheti ukutani, anachungulia benchi. Akikuta wagonjwa kumi wamebanana, anasema hapa kuna dawa. Akikuta benchi tupu, anapitiliza kama vile alikuwa anaelekea sokoni.

Na benchi letu lilikuwa tupu kiasi kwamba kuku wa jirani alitaga chini yake, akaatamia, akatotoa.

Ndipo ikaja habari. Kampuni moja ya mashamba inatafuta zahanati ya kutibu vibarua wake mia nne. Jumatano inamtuma daktari wake, Dokta Laurenti, aje kutukagua.

Hosiana alikuwa anafuta vumbi kwenye mzani wa watoto. Hakunitazama.

"Mzee, tukiukosa mkataba huu, mwisho wa mwezi nafunga. Narudi milimani kulima maharage."

"Ondoa shaka. Nina mpango."

"Mpango gani?"

"Hayo ni mambo ya menejimenti, mwanangu."

Nisingethubutu kumwambia. Hosiana ni mtu wa kunyooka. Dawa ikipitisha muda siku moja tu, anaimwaga huku analia.

Mpango wenyewe ulikuwa huu: daktari wa kampuni asikute kitanda kitupu. Akute mgonjwa amelazwa, anahudumiwa, anashukuru. Na mgonjwa wa kuaminika kuliko mimi ungempata wapi?

Nikafungua kitabu cha tiba cha Hosiana, nikachagua ugonjwa wenye maelezo marefu kuliko yote. Nikakariri dalili zote.

Jumanne asubuhi nikaingia nimejikunja kama ndoano.

"Jamani... tumbo... kulia... chini..."

Hosiana akanipima. Joto. Damu. Mkojo. Akanibonyeza huku na huku, nami nikapiga kelele za kutosha mtaa mzima. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika kwenye faili.

"Rukaya, mlaze mzee. Tumwangalie."

Rukaya ni muuguzi wetu. Akanitandikia shuka jipya. Nikajipongeza moyoni. Mchongo umekubali!

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja.

Kwetu mtu akilazwa, hawi wake tena. Anakuwa wa ukoo mzima!

Rukaya akampigia mke wangu, Chausiku. Chausiku akapiga Handeni. Tumbo langu lilipotoka Korogwe lilikuwa linauma tu. Lilipofika Handeni lilikuwa limeshaoza.

Jumatano saa tatu zikasimama Noah mbili mlangoni.

Wakashuka watu, wadau! Wakashuka kama wanaotoka kwenye treni! Mahindi mabichi, machungwa, ndoo ya uji, kuku wamefungwa miguu. Shangazi Fatu, ambaye harusi yangu mwenyewe hakuja kwa sababu ya miguu, alishuka wa kwanza.

Benchi likajaa. Uwanja ukajaa. Na katikati ya umati huo ndipo Dokta Laurenti akaingia na mkoba wake.

"Mna wateja wengi," akasema.

Nikatabasamu chini ya shuka.

Akachukua faili langu, akalisoma. Akalisoma tena. Akanibonyeza.

Na hapo ndipo mliponikuta mwanzo. Kidole tumbo. Leteni gari!

Kimenuka!

Hosiana alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake haukuonyesha kitu. Wakatoka nje wote wawili kuongea, na mimi nikabaki na ukoo.

Chausiku akanishika mkono, analia.

"Baba Ikram, nisamehe yote niliyokukosea."

"Hukunikosea, mke wangu..."

"Nimekukosea. Yale maziwa ya mgando uliyosema paka amekunywa... nilikunywa mimi."

Mdogo wangu Muhsin akainama sikioni.

"Kaka, kata roho kwa amani. Lile shamba la bondeni nitalilima mimi."

"Nani kakwambia nakufa?"

"Na baiskeli unasema apewe nani?"

Daktari akarudi. Nikaona heri nipone taratibu, bila kumwaibisha mtu.

"Dokta... maumivu yameisha. Ghafla tu! Sisikii kitu."

Akashtuka.

"Yameisha ghafla? Hiyo ndiyo dalili ya kupasuka! Muuguzi, harakisha!"

Mungu wangu.

"Hapana, hapana, yamerudi! Yanauma!"

"Yamerudi? Basi hali ni mbaya zaidi."

"Lakini nina njaa, dokta! Mgonjwa wa kidole tumbo hana hamu ya kula, nimesoma!"

"Asipewe chochote, hata maji," akamwambia Rukaya. "Ameanza kuweweseka."

Nje Shangazi Fatu alikuwa anamenya machungwa. Nilisikia harufu yake kwa masikio.

Nikaomba chooni. Rukaya akanisindikiza, akasimama mlangoni. Nikatazama dirisha la choo... nondo! Na nondo hizo ni mimi meneja niliyeagiza ziwekwe, nene, za kuzuia wezi!

Nikazishika kwa mikono miwili. Nilipochungulia nje nikamwona Hosiana kwenye uzio, mikono kifuani, anatazama kibao cha zahanati yake. Alikipaka rangi mwenyewe kile kibao.

Nikajiambia: Sadala, huyu binti hakukuomba uongo. Basi kaa kimya ukapasuliwe. Kidole tumbo chenyewe si hakina kazi? Kitabu kilisema hivyo. Kitolewe tu!

Nikatoka chooni kishujaa.

Wakanipakia kwenye gari la wagonjwa la kampuni. Kanda za machela zikanibana kifua na miguu. Mlango ukafungwa, pwaa! Wanawake wakapaza kilio. Kwenye kiti cha pembeni Rukaya alifungua boksi, na ndani ya boksi nikaona wembe wa kunyolea.

"Huo wa nini?"

"Kukunyoa tumbo, mzee. Na kushuka chini kidogo."

Gari likawashwa. Likasogea hatua moja. Mbili. Tatu...

Ushujaa wote ukaniishia!

"Simamisheni!!! Mimi siumwi! Nadanganya! Siumwi mie, jamani, siumwiii!"

Gari likazima. Mlango ukafunguliwa. Ukoo mzima ulikuwa umesimama pale, kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

"Hosiana hahusiki!" nikapiga kelele nikiwa bado nimefungwa. "Hajui chochote! Mnyimeni mkataba mtu mwingine, si yeye! Nimefanya mimi, ili mkute kitanda kina mtu!"

Dokta Laurenti akatazama saa yake.

"Tabibu, ulisema atapona kabla ya geti. Hata mita kumi hatujaenda."

Nini?!

Akafungua faili langu, akasoma mbele ya watu wote, kwa sauti:

"Joto sawa. Damu sawa. Mkojo sawa. Tumbo laini. Mgonjwa analia kabla mkono haujamgusa. Naamini anajifanya, sababu siijui. Nimemlaza nimwangalie, asije akawa na shida nyingine anayoificha."

Sahihi: Hosiana. Tarehe: Jumanne.

Alijua tangu jana!

"Mzee," daktari akaniambia, "faili nililisoma, nikataka kuona kama mwandishi wake atalisimamia. Nilipomwambia nje kwamba nakupeleka ukapasuliwe, tabibu wako alinikatalia. Alisema nikikuchana, yeye ataandika barua kwamba alipinga. Alinigomea mimi, mtu mwenye mkataba mkononi. Ndipo nikamwambia basi tujaribu gari tu."

Akamgeukia Hosiana.

"Kila wiki vibarua wetu nusu wanaleta ED, kile kikaratasi cha kupumzika kazini. Zahanati wanakotibiwa zinaogopa kupoteza wateja, kwa hiyo kila anayejishika kiuno anapewa. Na yule anayeumwa kweli anachanganywa na waongo. Mimi sitafuti benchi lililojaa. Natafuta mtu anayeandika alichokiona, hata kama mgonjwa ni meneja wake."

Mkataba ukasainiwa juu ya meza ya mapokezi, pembeni ya ndoo ya uji.

Hosiana alilia siku hiyo pia. Kisha akafuta machozi, akanifuata kwenye machela.

"Mzee Sadala, mimi nilidhani unaumwa upweke. Nilikulaza kwa sababu hiyo."

Jamani... maneno hayo ndiyo yalinichana, si wembe.

Funzo langu ni fupi, vijana mnaofungua famasia na zahanati. Mteja wa afya hanunui foleni wala rangi ya ukuta. Ananunua kuamini kwamba kilichoandikwa kwenye faili lake ndicho kilichopo mwilini mwake. Ukiiuza imani hiyo mara moja, huna tena cha kuuza.

Nilidhani yameishia hapo. Nikaomba nifunguliwe kanda.

"Asifunguliwe!" akasema Shangazi Fatu.

Akaja taratibu na fimbo yake. "Nimeacha palizi. Nimekalia Noah magoti kidevuni. Nimekulilia, Sadala, na machozi yangu ni machache siku hizi. Unalipa beberu."

"Shangazi, beberu ninaye mmoja tu..."

"Ndiye huyo huyo."

"Na achinje mwenyewe, apike mwenyewe," akadakia Chausiku. "Mimi leo ni mgeni."

"Na yale maziwa ya mgando?" nikajitetea.

"Hayo tutaongea nyumbani."

Saa tisa alasiri nilikuwa kwenye uwanja wa zahanati, macho mekundu kwa moshi, nachochea sufuria kubwa kuliko mimi. Vibarua wa kwanza wa kampuni walikuwa wameshafika, wako benchini na watu wa Handeni, wanasubiri kuitwa. Nao nikawapakulia. Hosiana alitoka na sahani yake akapanga foleni kama wengine.

Shangazi Fatu alinyoosha yake mara ya tatu.

"Ongeza na ini," akasema. "Mimi ndiye niliyefiwa."