Maruni ya Kambi Muru

Tusizungushane: siku hiyo mjinga alikuwa Wakoli, na uwanja mzima ulimwona.

Gunia la jezi lilipofunguliwa, wachezaji wa Kambi Muru Rangers, timu ya maruni, ile nyekundu iliyokolea, tangu izaliwe, walitoa mashati ya kijani. Kijani ileile waliyovaa wapinzani.

"Wakoli, hii ni nini?" Kocha Jeconia aliuliza, shati mkononi.

"Maruni, kocha. Si ndiyo hiyo?"

"Leo tunacheza wenyewe kwa wenyewe!" shabiki mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Wakoli naye akacheka, akidhani ni utani. Machoni mwake rangi hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, alizaliwa hivyo. Aliyejua ni mtu mmoja tu, mpenzi wake Mideva. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni penye mwanga, akilinganisha jezi kuukuu ya timu na vitambaa vidogo vya kadi ya duka la rangi, kisha anamtajia namba. Wakoli ananunua rangi ya unga kwa namba hiyo, anachemsha nguo katika pipa lake pale Gatwekera, Kibera, na mtaa mzima unamwita daktari wa rangi.

Sasa, majuzi Jeconia alikuwa amepita kumsifu.

"Na huyu mrembo, mnafanya kazi pamoja?"

"Huyu?" Wakoli akatunisha kifua. "Huyu ni wa kuchochea moto tu, kocha."

Kocha akacheka. Mideva aliweka kuni chini polepole. Jioni hiyo alikuwa Kawangware, kwa dada yake Kageha. Halafu bahati mbaya ikaja na mwenzake: duka likaleta rangi za kampuni nyingine, kadi mpya, namba mpya. Wakoli akaona haya kuuliza mtu. Akachagua mwenyewe, akaanika jezi ndani ya nyumba ili awashtue watu. Kweli akawashtua.

Jeconia akampa hadi Jumamosi azitie jezi rangi upya. Wakoli akakimbilia kibanda cha simu karibu na nyumba za Nyayo Highrise, akapigia duka la dawa alikofanya kazi Kageha.

"Shem, niitie Mideva."

Minong'ono. Kisha:

"Amesema nikuambie hayuko."

"Mwambie nakuja."

"Amesema hata ukija hayuko."

Akaenda. Alimkuta nyuma ya duka akifua, macho yamevimba.

"Nilikosea, Midi. Nyumba imekuwa kama si yangu. Hata chai nikipika inakataa kuwa chai."

Midomo ya Mideva ilitaka kucheka. Akaikaza.

"Endelea."

"Silali. Nikisikia mlango wa jirani nadhani ni wewe."

"Na ndani ya hiyo karatasi ya nailoni umebeba nini?"

Angesema mkate. Angesema chochote. Lakini Wakoli akatoa jezi kuukuu na kadi mpya.

"Ni hii tu kidogo, mpenzi. Jumamosi imekaribia."

Kicheko kilichokuwa njiani kikarudi kilikotoka. Mideva alipangusa mikono kwa leso, akachukua jezi, akapindua pindo la ndani ambalo jua halikuwahi kulifikia, akalilaza juu ya kadi. Alitazama kitambaa kimoja kimoja. Chozi lilipodondoka, akalipangusa upesi lisichafue kadi.

"Mia nne kumi na saba. Usichukue ya pembeni yake, hiyo ikikauka inakuwa zambarau."

"Asante! Nilijua hutaniacha. Chukua nguo zako twende."

"Namba umepata, Wakoli. Nenda."

"Kwa neno moja tu? Midi, nilikuwa najigamba! Wewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nimekusomea kadi."

"Sasa ningefanyaje? Kocha akijua fundi wa rangi haoni rangi, nani tena ataniletea kazi? Ningechekwa na Kibera yote!"

"Mimi nimechekwa na nani? Na kocha, ukiwa umesimama hapo."

"Lakini wewe huna siri ya kulinda! Mimi nina aibu, Mideva, unaelewa? Aibu!"

Mideva alimrudishia jezi, ameikunja vizuri.

"Hiyo aibu nimekufichia miaka yote, hata Kageha hajui. Wewe ukaona cha kuficha ni mimi."