Kinga Isiyokinga

Sogeeni, ndugu zangu, niwaambie yaliyomfika fundi mmoja wa mtaani kwetu, tuliyemwita Chapuchapu. Sifurahii kumsema, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewakosea.

Asubuhi moja alikuwa mlangoni kwake na mkewe, wakinywa chai na kutaniana kama wachumba. Mke alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akisimamia mashine ya kukandia unga. Ilikuwa wazi, na wiki ile ilishamnasa mwenzake mkono wa gauni, akaponea chupuchupu. Msimamizi akataka iundiwe kinga, sanduku la bati lenye mlango, na mke akampendekeza mumewe.

"Baba watoto, usije ukaniaibisha," alisema. "Na mlango ukifunguliwa tu, mashine izime yenyewe. Mle tunatia mikono."

"Nikutengenezee wewe halafu nilipue kazi? Hilo sanduku utajitazamia kama kioo!"

Na kweli lilimetameta. Alipima, akakata mabati ya stenlesi yasiyoshika kutu, akakunja pembe, akachomelea, akasugua viungo hata usione palipoungwa. Lakini siku ya kulifunga, swichi ya mlangoni, ile ya kuizima mashine, haikukaa sawa. Tundu lake lilikuwa limekwenda upande. Ilimpasa avue bati na kutoboa upya. Msimamizi kasimama pale, wafanyakazi wanapiga makofi. Chapuchapu akaona haya kusema bado. Akaibana swichi kwa waya, mashine ikawa inadhani mlango umefungwa daima.

"Nitapita kesho niiweke sawa," akajisemea.

Jamani, kesho ya fundi mnaijua? Haina tarehe.

Jioni mke akamuuliza, "Umeijaribu lakini?"

"Tulia, mama. Imekamilika."

Siku ya tisa donge la unga likakwama, mashine ikasita kuzunguka. Zamani mke angekwenda kwanza ukutani kuzima umeme. Sasa palikuwa na kinga ya mumewe. Akafungua mlango, akatia mkono.

Chapuchapu alipofika hospitali, mkono wa kulia ulishakatwa juu ya kiwiko. Mke alikuwa macho.

"Haikuzima," alisema taratibu. "Swichi iliharibika?"

Angeweza kudanganya. Akainamisha kichwa. "Niliibana kwa waya."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua, mke wangu. Nilisema kesho."

Mke akageukia ukutani.

Aliporuhusiwa, alikwenda kwao na binti yao. Chapuchapu akamfuata mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe alimzuia mlangoni. "Mwanangu, hana la kukuambia. Usije tena."

Akaenda kiwandani, akaomba airekebishe swichi. Akavua bati, akatoboa tundu jipya, akafunga, akajaribu. Alipofungua mlango, mashine ilizima papo hapo. Kazi yote haikufika saa moja. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye lile bati linalong'aa, mpaka mlinzi akaja kumwambia, "Fundi, tunafunga."

FUNZO

Anayelipua kazi hudhani atakayeumia ni mtu baki. Ndugu zangu, mtu baki hayupo. Kila aumiaye ana kwao. Kama hujamaliza, sema hujamaliza, hata mbele ya wanaokupigia makofi. Aibu ya neno hilo ni ya siku moja. Uliloficha chini ya kazi inayong'aa, likishamkata mtu, halina fundi wa kulirekebisha.