Baba Pardiyo Anataka Kumteua Rais

Wening alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mtoto kalala mgongoni, baba mkwe wake alipoingia jikoni.

"Mwanangu, nipe kitambulisho chako nikakitolee nakala."

"Cha nini tena, Baba?"

"Cha kumteua rais."

Wening akacheka. "Rais na tempe zangu wapi na wapi?"

Mzee Pardiyo hakucheka. Mkononi alishika nakala za vitambulisho vya nyumba nzima, kasoro cha Wening. Kijana mmoja kwenye kibanda cha kahawa alimwambia Mahakama ya Katiba, kule Jakarta, imefungua mlango. Sasa yeyote anaweza kugombea urais, mradi akusanye nakala za kutosha. Jioni kijana huyo angepita kuzichukua.

"Nimebeba bendera ya chama changu tangu sijaota ndevu," mzee alisema. "Uchaguzi ukifika tunaletewa mtu wa chama kingine, tunaambiwa huyu ndiye wenu. Kabla sijafumba macho, nataka nimwone wetu kwenye karatasi ya kura."

Wening akaepua kikaango. Kitambulisho mikononi mwa mtu usiyemjua si jambo la mchezo. Lakini angemvunjaje moyo mzee huyu? Akamwita Mama Tutik, jirani aliyewahi kusimamia kituo cha kura cha kijiji, akamweleza.

"Hee, Baba Pardiyo! Kumbe siku hizi unatengeneza marais na huniambii?"

"Cheka tu. Mbona uchaguzi wa mkuu wa wilaya tulitoa nakala?"

"Tulitoa. Mkuu wa wilaya au gavana anaweza kugombea bila chama, wananchi wakimuunga mkono kwa nakala hizo. Rais siyo. Mgombea urais anateuliwa na chama, au vyama vilivyoungana. Hilo Mahakama haikuligusa."

"Sasa imebadilisha nini?"

"Zamani chama kilitakiwa kiwe na moja ya tano ya viti bungeni, au robo ya kura za nchi nzima. Nyie wa vyama vidogo mkabaki kudandia migongo ya wakubwa. Mahakama ikasema sharti hilo linakiuka katiba. Uchaguzi ujao, kila chama kilichokubaliwa kushiriki kinaweza kumteua mtu wake."

"Hata chetu?"

"Hata chenu. Ila hayo yanasemewa kwenye tawi la chama, siyo kibandani. Kwa nakala hizi mtu anaweza kukuandikisha chama usichokijua, au kukopa kwa jina lako."

Mzee akaketi taratibu. "Nimekuwa mjinga uzeeni."

Wening akamsogezea tempe ya moto. "Mjinga angelala, Baba. Wewe umepotea njia tu."

Kijana alipofika, mzee alimpokea mlangoni. "Chama gani kimekutuma?"

Kijana akababaika, mara akakumbuka ana shughuli mahali, akawasha pikipiki. Nakala Wening akazitia motoni.

Jumapili akamsindikiza mzee tawini, mtoto mgongoni. Walikuwepo wanachama wachache tu. Mzee akasimama, akaomba tawi lipeleke juu majina wanayoyataka wanachama wenyewe. Watu wakanong'onezana, kisha mikono ikanyooshwa, mmoja baada ya mwingine.

Mwenyekiti akashika kalamu. "Haya Baba, tuanze na wewe. Unamtaka nani?"

Mzee machozi yakamlengalenga. Akaushika mkono wa Wening.

"Nipeni muda kidogo, wanangu," akasema. "Swali hili sijawahi kuulizwa."