Kinyozi Aliyekwenda Kuhesabu Hadubini

“Huyo Kinyozi wako amepanda basi na begi, kajipulizia manukato mpaka kondakta kapiga chafya. Mwanaume wa hivyo haendi msibani.”

Shangazi alisema hayo bila kusimamisha cherehani. Wateja wanne walikuwa wamejazana kwenye kibanda chake cha ushonaji, na hakuna aliyekumbuka tena nguo.

Mpwa wake, binti waliyempachika jina la Profesa kwa sababu ya kufuga vyura kwenye ndoo, aliikodolea macho simu. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali kusoma shahada ya kwanza ya biolojia. Kimoja kilikuwa mtaa wa pili kutoka kwenye kiti cha kunyolea cha mpenzi wake Kinyozi, kingine safari ya saa saba kwa basi. Alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo. Na Kinyozi, siku ya pili sasa, alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: “Usithibitishe. Nisubiri.”

“Thibitisha hicho cha karibu, mambo yaishe,” mteja mmoja alimshauri.

“Cha karibu nilikitaka kwa ajili yake. Kama ana mwingine, nikae karibu na nani?”

Simu ikaita. Alikuwa Kinyozi.

“Umethibitisha?”

“Uko kwa nani?”

“Nashuka stendi sasa hivi.”

“Nimekuuliza uko kwa nani.”

Ikakatika.

Saa kumi na nusu Kinyozi akaingia, jasho linamtiririka. Shangazi hakumpa hata kiti. Alilivuta begi akalifungua mwenyewe. Mashine ya kunyolea, wembe, daftari, na kitambaa kilichojaa nywele.

“Nywele za nani hizi?”

“Za wanafunzi wa biolojia, shangazi. Vichwa kumi na tisa.”

Wateja wakasogea kuchungulia begi.

“Nimeenda chuo cha mbali,” akamgeukia Profesa. “Nikaweka kiti nje ya bweni la wavulana. Mtu ukimshikia wembe shingoni hakudanganyi.”

“Kwa hiyo hukuwa na mwanamke?”

“Nilikuwa na wanaume kumi na tisa, nusu yao wana mba.”

Wateja waliangua kicheko. Profesa hakucheka.

“Mbona hukuniaga?”

“Ungenizuia. Halafu…” Akajikuna kisogo. “Nilitaka nikikute kibaya.”

“Umekikutaje?”

Akafungua daftari. “Wa hapa karibu nimewanyoa miaka mitatu, nawajua. Hadubini sita, wanafunzi themanini. Wanapanga foleni kuchungulia seli ya kitunguu kama wanaaga maiti. Kule, kila wanafunzi wawili wana hadubini yao. Wana bwawa, na mwaka wa kwanza huohuo unaingia majini mpaka magotini. Mwalimu wa vyura ni mama mmoja, anawatambua kwa mlio tu.”

“Kwa mlio?”

“Gizani, anakuambia yule wa mtini, yule wa matopeni.”

Macho ya Profesa yakajaa machozi. “Ungenidanganya tu. Ungesema ni kibaya, nikabaki.”

“Nimejaribu kuupanga huo uongo ndani ya basi, saa saba nzima. Kila nikiupanga nakuona na ndoo yako, unaniamini.”

“Saa kumi na dakika hamsini,” Shangazi akakatiza. “Mapenzi yatawasubiri, mtandao hauna shangazi wa kuubembeleza.”

Profesa akabonyeza chuo cha mbali. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, watu saba wamekiinamia pumzi juu. Kisha maandishi ya kijani yakatokea: UMETHIBITISHA. Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa majirani nje.

Kinyozi alipiga makofi kuliko wote, kisha akaanza kufunga begi lake taratibu, na Profesa akamwona.

“Shangazi,” akasema, “mpime huyu suti.”

“Suti ya nini?”

“Chuo nimeshachagua. Sasa nachagua mume, nisije nikaanza masomo nina mawazo mawili.”

Kinyozi, aliyewatoa siri watu kumi na tisa, akaliangusha begi.

“Jibu, baba, tuna kazi,” mteja akamsukuma.

“Nimekubali,” akasema kwa sauti ndogo, “ila niongee na wazee kwanza.”

“Kuongea wataongea,” Shangazi akajibu. “Mabega yako nilishayapima kwa macho tangu mwaka jana. Geuka nione kiuno.”