Chupa Namba Tano

Saa kumi na moja na nusu jioni, Alhamisi moja ya Oktoba 1996, nilikuwa nimebakiza chupa moja tu. Nyingine tano zilishajaa, zimelala ndani ya kasha la barafu nyuma ya Land Rover. Iliyobaki ilikuwa namba tano, ya kisima cha Chilwana. Niliiacha ya mwisho makusudi, kama mtoto anavyoacha kidonge kichungu.

Nilikuwa mfanyakazi wa maabara ya maji pale Dodoma mjini. Kila baada ya miezi mitatu tulizunguka bonde la mto mmoja wa mchanga, ule unaopitisha maji wiki chache za mvua na kukauka mwaka mzima, tukaushuka mpaka kwenye bwawa lake. Vituo sita, chupa sita. Unaichemsha chupa, unaifungulia maji yalipo, unaijaza, unaandika namba na tarehe kwa penseli, na ndani ya muda wa saa sita tangu kujazwa iwe imefika maabara. Si kazi ngumu. Ni kazi ya kutembea.

Na kutembea ndiko kulikotushinda. Kutoka barabarani mpaka kisima cha Chilwana ni mchanga mtupu, nusu saa kwa miguu, gari haliingii. Kwa hiyo tulikuwa na mchezo wetu tuliouita kuazima. Unajaza chupa mbili kwenye bomba la kituo cha nne, moja unaiandika nne, ya pili unaiandika tano. Maji ya chini si ni yale yale? Nani atajua? Oktoba ya mwaka uliotangulia zamu ilikuwa yangu, na mimi niliazima. Majibu yakatoka safi, nikajaza cheti kwa mkono wangu: YANAFAA KWA KUNYWA. Nikatia sahihi. Dorothea, yenye mkia mrefu, maana nilikuwa naipenda sahihi yangu.

Safari hii mkuu wangu, Bwana Henry, aliniita asubuhi na mapema.

“Dorothea, Jumatatu wafadhili wanakwenda Chilwana. Nataka cheti kama cha mwaka jana,” alisema. “Na orodha ya kupunguza wafanyakazi iko mezani kwangu. Unanielewa?”

Nilimwelewa. Miaka ile ya mageuzi, kila wiki kulikuwa na mtu anafungasha vitu vyake kwenye boksi na kutuaga. Mimi nilikuwa nalea wanangu wawili peke yangu pale mtaa wa Kikuyu. Sijifichi: ningeazima tena.

Lakini siku hiyohiyo, nikitafuta fomu, nilikuta ndani ya faili barua ya kijiji cha Chilwana ya mwezi wa kwanza. Haikuwa na hata mhuri wa kupokelewa. Watu kumi na mmoja wamefariki kwa kuhara na kutapika kati ya Novemba na Krismasi. Nane ni watoto.

Tangu niisome, mikono yangu haikutulia.

Basi tukafika. Mzee Bartolomayo, dereva wetu, alisimamisha gari kwenye ofisi ya kijiji. Katibu alikuwa kijana mchangamfu anaitwa Marko.

“Shikamoo, mama mtaalamu.”

“Marahaba. Nimesikia mlipata misiba.”

“Yalishapita hayo, mama. Na maji yenu hayakuwa na shida.” Akaonyesha mlango wa ofisi.

Cheti changu kilikuwa pale, kimepigiliwa misumari minne. Jua lilikuwa limekibadilisha rangi. Mkia wa sahihi yangu ulionekana vizuri.

“Tulipoanza kuzika, wengine walisema ni maji,” Marko akaendelea. “Tukaja hapa tukasoma. Serikali imepima, yanafaa. Sasa kama si maji, ni nini? Ni mtu.” Akashusha sauti. “Tukampata. Mama Matonya, aliyekuwa anakaa kule kando ya mto. Siku za nyuma aligombana na wenzake kwenye foleni pale kisimani, akawaambia mtaona.”

“Mkamfanya nini?”

“Tulimtoa.”

“Mkamtoa mkampeleka wapi?”

Marko aliangalia jua. “Wahi, mama. Giza linaingia.”

Nilitamani kuking'oa kile cheti palepale, nikashindwa hata kukigusa.

Mzee Bartolomayo ana goti bovu, akabaki na gari. Nilichukua chupa namba tano, penseli, na maji yangu ya kunywa, yale ya chupa ya plastiki yaliyokuwa ndiyo kwanza yameanza kuuzwa mjini, dukani kwa Chandulal. Ndiyo. Mpima maji wa serikali alikuwa anatembea na maji ya kununua.

Nikaingia mtoni. Mchanga ulikuwa bado na joto. Kingo pande zote mbili kimya, hakuna mbuzi, hakuna mtu. Nilitembea haraka, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo miguu ilivyozidi kuzama.

Kisima nilikiona kabla giza halijakolea. Pete zake za zege zilikuwa na nyufa za kuingia vidole. Mavi ya ng'ombe yalizunguka kote, mengine yamekaukia ndani ya nyufa zenyewe. Nyufa zilikuwa za siku nyingi, zimeota ukungu. Sikuhitaji maabara. Ningetembea nusu saa ile mwaka uliotangulia, ningeona kwa macho yangu.

Nilikaa chini nikajishika kichwa.

Ndipo nikasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mtu anakwangua mchanga kwa kata. Nikainua uso. Hatua kama ishirini hivi kutoka kisimani, mwanamke alikuwa amepiga magoti, amenipa mgongo, anachimba. Nilipopita pale dakika mbili nyuma hapakuwa na mtu. Upepo ukaja na harufu ya udongo uliolowa mvua. Nikaangalia juu. Hakuna wingu hata moja.

“Mbukwenyi,” nilisalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza.

Kukwangua kukakoma.

“Mbukwa, mwanangu.” Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni.

“Mama, kisima si kile pale? Mbona unahangaika na mchanga?”

“Pale nimekatazwa.”

Ningekimbia wakati ule. Lakini akili ina ubishi wake. Niliiambia ni mama tu, anatafuta maji, kama wamama wote. Nikasogea. Shimo lake lilikuwa kavu mpaka chini. Akaiinua kata kutoka humo, na kata ilikuwa imejaa maji pomoni.

“Umetembea,” akasema. “Kunywa.”

Sasa, huku kwetu anayempa mgeni maji huonja kwanza. Funda moja, mbele ya macho ya mgeni, ili aone hakuna kitu. Hata mtoto mdogo anajua. Yule mama hakuonja. Alininyooshea tu, bila kugeuka, mkono umepinda nyuma kwa namna ambayo mkono haupindi.

“Mbona huonji, mama?” Nilitaka iwe kama utani.

“Na wewe hukuonja.”

Nikarudi hatua moja nyuma.

“Ulitupatia maji, mwanangu. Hukuonja.”

Nguo yake ilikuwa imelowa chapachapa, inadondosha matone, ila mchanga chini yake haukulowa.

“Karatasi yako ilisema maji ni mazima,” akasema. “Basi mbaya nikawa mimi.”

Akageuka.

Sitaueleza uso. Nitasema jambo moja tu: mdomo ulikuwa umejaa mchanga, na kila alipotamka neno, mchanga ulimwagika kidevuni.

“Onja... au andika.”

“Niandike nini?” nilinong'ona.

“Kwamba sikuwa mimi. Mwanangu Matonya hana pa kukaa. Wanamwita mtoto wa mchawi.” Mchanga ukamtiririka. “Mimi sijui kusoma. Ukishaandika, nitakuja unisomee.”

Nilikimbia. Viatu vilibaki, maji ya Chandulal yalibaki. Chupa namba tano nilikuwa nimeing'ang'ania mkononi, tupu. Nyuma yangu, kwa mwendo uleule, bila haraka...

Kwaru... kwaru... kwaru...

Nusu ya njia nilikutana na mwanga wa tochi. Mzee Bartolomayo alikuwa amelivuta goti lake mpaka pale kunifuata.

“Ulikuwa unaongea na nani?” akauliza. “Nimesikia sauti yako tu. Unauliza, unanyamaza, unauliza.”

Sikumjibu mpaka tulipokuwa ndani ya gari, chupa tupu nimeirudisha kwenye kasha, vioo vimefungwa. Nilipomsimulia, alizima redio.

“Yule kijana Marko ameniambia wakati tunakusubiri,” alisema taratibu. “Walimkataza kisima. Akawa anachimba shimo lake mwenyewe mtoni. Mwezi wa kwanza wakamkuta humo. Mchanga ulimwangukia.”

Akaendesha kidogo.

“Au aliangushiwa. Hakumalizia.”

Tulifika maabara kabla ya muda wa zile saa sita kupita. Nilifungua kasha la barafu nipange chupa.

Zote sita zilikuwa zimejaa.

Chupa namba tano sikuijaza. Naapa kwa wanangu. Lakini ilikuwa pale, maji meupe, mchanga kidogo umetulia chini. Namba ilikuwa kwa mwandiko wangu. Tarehe pia, ila mwaka ulikuwa 1995. Mzee Bartolomayo anasema huenda niliijaza kwa hofu nikasahau, na mtu mwenye hofu anaweza kukosea mwaka. Huenda. Niliyapima. Kesho yake kisahani cha namba tano kilikuwa kimejaa vidoadoa vya njano vya vijidudu, vimebanana hata havihesabiki.

Niliandika HAYAFAI. Huo ujasiri nilikuwa nao. Nikaeleza kwamba kisima kimepasuka, kifungwe mara moja. Nilidhani Bwana Henry angenitia kwenye orodha. Kinyume chake, wafadhili walifurahi kwamba tatizo limegunduliwa mapema, kisima kikafungwa, maji yakaanza kupelekwa kwa gari, na mimi nikasifiwa kwenye kikao. Nikapigiwa makofi. Nikainama kwa adabu.

Ila kuhusu mwaka uliotangulia sikuandika neno. Ningeandika, makofi yangegeuka. Wangeniuliza chupa ya mwaka ule niliijazia wapi. Ningepoteza kazi, labda na zaidi ya kazi. Nikajiambia kisima kimefungwa, hakuna atakayekufa tena, inatosha.

Miezi mitatu baadaye tukapita tena Chilwana. Marko alinipokea akicheka.

“Unaona, mama? Mwaka juzi maji mazima, baadaye yameharibika. Kumbe yule mchawi hata alipokufa bado anatuchezea!”

Cheti changu cha kwanza kilikuwa bado mlangoni. Misumari yote minne.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakuta mchanga ndani ya pipa la maji jikoni. Kidogo tu, chini kabisa. Nikaliosha. Kesho yake upo. Kisha ikaanza sauti. Kila jioni, saa ileile ya chupa ya mwisho, kutoka ndani ya pipa lenye mfuniko.

Kwaru... kwaru...

Mwanangu mkubwa aliisikia akasema ni panya. Mdogo hakusema kitu, lakini aliacha kunywa maji ya pale. Mwaka mzima nimeishi hivyo. Nikirudi kutoka kazini naogopa jikoni kwangu mwenyewe. Wiki iliyopita nilimkuta mdogo amesimama mbele ya pipa, kikombe mkononi.

“Bibi humu anasema mama aonje kwanza,” akaniambia.

Hapo nilikoma. Nimewapeleka watoto kwa dada yangu Nzuguni. Na leo jioni nimekaa mezani nikaandika. Barua moja ni ya Bwana Henry. Ya pili ni ya kijiji cha Chilwana, isomwe mkutanoni, ipigiliwe mlangoni badala ya kile cheti. Nimeandika kwamba Oktoba 1995 sikufika kisimani. Kwamba niliazima. Kwamba watu kumi na mmoja waliuawa na maji niliyoyaita mazima, na wa kumi na mbili aliuawa na sahihi yangu. Kwamba Mama Matonya hakuwa mchawi, na mwanawe arudishiwe nyumba ya mama yake. Kisha nimeandika na haya yote unayoyasoma, ili hadithi isije ikabadilishwa nikiwa sipo. Sahihi nimeitia bila mkia.

Kazi imekwisha, najua. Nalia, lakini mikono imetulia kwa mara ya kwanza.

Pipa limenyamaza. Limenyamaza tangu nilipotia sahihi.

Sasa harufu ya mvua imejaa chumbani. Dirisha liko wazi na mbingu ni kavu.

“Hodi...”

Nimesema karibu, mama. Sijafungua mlango, na kiti cha upande wa pili kimelia kama kinavyolia mtu akikalia. Nimekwenda kwenye pipa, nimechota kikombe kimoja. Nimeonja kwanza, funda moja, mbele yake. Mchanga umenisagika menoni. Nimemeza.

Kikombe nimekiweka upande wake. Nimesogeza taa, nimeshika karatasi, naanza kumsomea kuanzia mwanzo.

Kikombe kinapungua.